Ahadi ya Mwenye Dhiki

Katika bonde la Kyela, mpunga ungali kijani na maji yangali yametuama majarubani, huonekana mara kwa mara mkulima amesimama kando ya mnunuzi, akiuza magunia ambayo hayajapata kuwako, kwa sababu ada ya mtoto haingoji mavuno. Mpunga ukisha kuvunwa, na bei ikawa maradufu ya ile aliyopewa, huiuliza nafsi yake: je, ahadi ya mwenye dhiki humfunga sawasawa na ahadi ya mwenye wasaa?

Swali hilo lilitugawa Watanzania Desemba 2022, pale Feisal Salum, mwanakandanda kijana wa Zanzibar aliyekuwa na mkataba na Yanga hadi Mei 2024, alipoiwekea klabu hiyo shilingi milioni 112 akidai kuwa amejikomboa. Klabu ikazirejesha, kamati ya shirikisho la soka nchini, TFF, ikaamua kuwa angali mchezaji wa Yanga, naye akakaa nje ya uwanja kwa miezi, hata Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba Yanga waimalize khitilafu ile, na siku chache baadaye akauzwa kwa klabu ya Azam.

Wapo wasemao kuwa ahadi ni deni, wakaishia hapo. Nami sina ujasiri wa kuwapinga, kwani Kurani katika sura ya Al-Maida yaamrisha mikataba itimizwe, na Injili ya Mathayo, ihubiriwayo pande hizi za Ziwa Nyasa tangu wamisionari walipofika 1891, ina mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu walionung'unikia dinari moja, wakakumbushwa mapatano yao. Lakini tutazame vema: mwenye shamba yule hakuwapunja vibarua walioanza alfajiri, na wale walioajiriwa jioni aliwapa kuliko stahili yao. Kwake yeye mapatano yalikuwa chanzo cha utoaji, si mpaka wake.

Lakini si mapatano yote huwa hivyo. Kule Marekani, ambako ligi ya mpira wa Kimarekani iliweka kikomo cha mishahara mwaka 1994, kijana Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza kati ya wachezaji wapya wa mwaka wake, alisaini 2010 kwa dola milioni 78 za miaka sita. Mwaka uliofuata, chama cha wachezaji na wenye timu walipokwisha kuafikiana kupunguza malipo ya wachezaji wapya, Cam Newton, aliyechaguliwa wa kwanza kama yeye, akapata takriban milioni 22 za miaka minne. Waliopunguziwa walikuwa hawajaanza kucheza katika ligi, hawana kiti barazani.

Wazee wa Kinyakyusa, wa bonde hilo hilo la Kyela, walijua namna ya kumwekea kikomo asiye na kiti barazani. Vijana walijijengea vijiji vyao wenyewe, wakawatii baba zao katika ardhi na ng'ombe. Lakini mara moja katika kila kizazi, kwa sherehe ya ubusoka, baba waliwakabidhi wana nchi na utawala, wakapisha. Kijana alikubali kikomo chake kwa kuwa mzee naye alikuwa na chake.

Basi hukumu yangu ni hii: kijana na atimize alichokisaini, maana anayevunja ahadi kwa sababu bei imepanda atavunjiwa bei ikishuka, lakini dhima ya kuufungua mkataba upya iko juu ya mwenye nguvu, kwani yeye ndiye awezaye kuongeza bila kuaibika. Nawe uliyenunua mpunga ungali kijani, ukiuuza kwa faida, rudi kwa mwenye shamba umwongeze kitu, hata kama karatasi haikudai.