Kengele ya Kutoka Imelia. Baki!

Wewe wa kidato cha pili, unayekaa nyuma kabisa kwenye kipindi cha Hisabati na kuomba Mungu mwalimu asikuite ubaoni, nasema na wewe.

Nani kakwambia hesabu si zako?

Mtaje. Ni jirani anayesema sayansi ni ya wavulana? Ni kaka yako aliyepata F, sasa nyumbani wote wanaona ukoo wenu hauna kichwa cha namba? Au ni wewe mwenyewe, siku ile ulipopata 12 kwa 100, ukaikunja karatasi ukaitia mfukoni, na tangu hapo hujajaribu tena?

Karatasi ile ilipima wiki chache za masomo. Kichwa chako haikukipima. Kichwa chako hakijaanza kazi bado!

Najua utasema nini. Mwalimu wa Fizikia ni mmoja, wanafunzi mamia. Vitabu vya kugombania. Maabara ni chumba chenye kufuli, na ndani kuna madawati mabovu. Kweli tupu, na wenye dhamana ya kurekebisha hayo wasipewe usingizi. Lakini wewe unafanya mtihani mwaka gani? Baraza la mitihani litakusubiri mpaka maabara ijengwe?

Halitakusubiri.

Kati ya kengele ya kutoka na jua kuzama kuna muda. Ndio muda ambao watoto wa wenye nazo wanakwenda tuisheni. Wewe hulipiwi tuisheni. Sawa. Muda uleule unao, haulipiwi, hauombewi kibali wizarani. Unaufanyia nini? Unapiga soga getini? Unasubiri nini?

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kijana wa kidato cha tatu alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ni kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Akaona akingoja yapoe ataikosa, akayaingiza yakiwa ya moto vilevile. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hata hayakuwa yamechemshwa.

Akamuuliza mwalimu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa.

Jina lake Erasto Mpemba. Alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena. Safari hii ikawa dhihaka: akikosea hesabu, ni hesabu za Mpemba, akiuliza swali, ni fizikia ya Mpemba. Wewe ungeuliza mara ya tatu? Alasiri moja akaikuta maabara ya Biolojia iko wazi, mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Hakuna aliyemtuma. Hakuna alama zilizotolewa. Kisha akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na Mpemba akasimama akamuuliza swali lilelile mbele ya darasa lililokuwa likimcheka. Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na wanafizikia wa dunia nzima wanabishana juu ya athari ya Mpemba mpaka leo.

Mwanafunzi wa sekondari. Lushoto. Maziwa na sukari!

Halafu wewe unaniambia huna vifaa?

Chukua uzi. Funga jiwe. Pima mita moja toka kwenye fundo la juu hadi katikati ya jiwe, lining'inize kwenye tawi la mwembe ulio uani kwa shule, livute kidogo, liachie. Mwenzako ashike saa. Hesabu: kwenda na kurudi ni moja. Zikifika 10, saa itasoma kama sekunde 20. Sasa fupisha uzi uwe robo mita. Mara 10 tena. Sekunde 10 hivi. Tulia hapo. Uzi umepungua mara nne, muda umepungua mara mbili tu. Kwa nini? Hiyo kwa nini ndiyo kipeuo cha pili unachokikariri kila siku bila kujua kinafanya kazi gani. Kesho chemsha choya, gawa maji yake mekundu kwenye vikombe viwili, kimoja kamulia ndimu, kingine tia maji ya majivu yaliyochujwa. Tazama rangi zinavyoachana njia, ndipo ufungue ukurasa wa asidi na besi. Hautakutisha tena.

Anzeni watatu. Watatu wanatosha kuwa klabu. Siku mbili kwa wiki, swali moja la Hisabati mpaka lieleweke kwa wote, jaribio moja la kufanywa kwa mikono. Anayejua amweleze asiyejua, maana atakapokwama kueleza ndipo atagundua kuwa naye alikuwa hajui. Na mmalize mapema. Hili nalisema kwa uzito wote: msichana asitembee gizani kwa sababu ya hesabu. Saa moja na nusu yenye moto inashinda saa tatu za kupiga miayo.

Inawezekana kweli? Nenda Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya, kwenye kijiji kinachoitwa Pwani. Shule ya kutwa ya Keriko ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kusuasua na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Wengi wao wametoka familia maskini. Bruda Peter Tabichi na walimu wenzake wanne wakawa wanafundisha Hisabati na sayansi nje ya vipindi na mwisho wa wiki, wakiwafuata wanafunzi wa hali ngumu hadi majumbani. Klabu ya sayansi ikapanuliwa. Mwaka 2019 Tabichi akatwaa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni moja, na mwaka huohuo wasichana wawili wa shule hiyo wakapanda ndege kwenda Arizona, Marekani, kwenye mashindano ya kimataifa ya sayansi. Walibuni chombo cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu.

Wasichana wa shule ya kutwa!

Wewe binti, kinachokushinda ni ndoo ya maji na vyombo vya jioni, si aljebra. Basi sema nyumbani leo. Baba, mama, mnasikia? Jumanne na Alhamisi kaka yake achote maji. Hatavunjika mkono.

Na wewe uliyemaliza chuo, uliyesoma Fizikia au uhandisi na sasa unazungusha bahasha mwaka wa pili, shule ya kata iko umbali gani toka kwenu? Kazi haijapatikana, lakini elimu unayo. Wale watatu chini ya mwembe wanahitaji mtu mmoja tu wa kuwaambia wamekosea wapi. Nenda kwa mkuu wa shule, jitambulishe, uliza siku. Usingoje kualikwa.

Mwanafunzi, rudi kwangu. Umesoma mpaka hapa, kwa hiyo kitu kimeshakugusa, na kufika Ijumaa kitakuwa kimepoa. Usikiache kipoe! Tafuta wenzako wawili leo usiku, kwa simu ya mama au kwa kugonga mlango. Kesho mwalimu wa Fizikia ataondoka saa tisa na nusu kuwahi basi.

Muwahi wewe kwanza.