Jina la Ugonjwa na Amri ya Nane

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi hudhani kwamba amri hiyo ni ya barazani tu, mbele ya hakimu. Je, yule amtazamaye mgonjwa akasema, "Huyu ana ukoma," naye hajui, ameshuhudia nini?

Uko ugonjwa mmoja wa nadra sana. Askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, hugeuka wakalishambulia gegedu, yaani ule mfupa laini wa masikio, wa pua na wa koo la pumzi. Daktari Jaksch-Wartenhorst aliueleza huko Prague mwaka 1923, alipomwangalia mtengeneza pombe mmoja. Sikio huvimba na kuuma, hupoa, kisha hurudia. Pengine pua hubonyea katikati. Mtu wa namna hiyo akipita sokoni Mutshatsha, watu watasema nini? Asiyesema ukoma atasema uchawi.

Kumbe tofauti ipo, tena yaonekana kwa macho. Ukoma waweza kuinenepesha ndewe, ile nyama ya chini ya sikio, na kwa kawaida hauumi, kwa maana huua mishipa ya fahamu. Ugonjwa huu mwingine huiacha ndewe salama, kwa sababu ndewe haina gegedu. Nao huuma mno.

Hata hivyo hakuna kipimo kimoja cha damu kiutajao. Daktari hutazama, huuliza, hungoja. Mara nyingine hukata kipande kidogo cha gegedu akipime. Mwaka 1976 McAdam na wenzake, huko Marekani, waliweka alama sita, wakataka tatu ziwepo. Wenye elimu walijifunga wasiseme upesi. Sisi twasema kabla ya jua kupanda!

Mtu atajibu: "Ninawalinda watoto wangu." Jibu hilo lina uzito, wala silidharau. Lakini kushuku, ukampeleka mgonjwa hospitalini, si kuhukumu. Tena hata ukoma wenyewe una dawa ya bure, na mgonjwa akianza kuinywa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Basi hofu hiyo yasimama juu ya nini?

Kwa ugonjwa wa gegedu madaktari hutumia mara nyingi predinizoni. Dawa hii hutuliza, lakini ikinywewa siku nyingi bila uangalizi hudhoofisha mifupa na yaweza kuamsha kifua kikuu. Kuikatiza ghafula nako ni hatari. Wengine hufaa kwa dapisoni, dawa ile ile waliyopewa wakoma tangu miaka ya 1940.

Ugonjwa ukiingia katika koo la pumzi, sauti hukauka, pumzi hubana. Yafaa mtu afikishwe Kolwezi au Lubumbashi bila kukawia. Aliyetengwa peke yake shambani kwa jina la ukoma, ni nani atakayeisikia sauti yake ikikauka?