Baraka Nayo Ina Uzito



Sisi wa Hombo hatukai kando ya ziwa. Lakini tunaposhuka Bukavu kupitia Bunyakiri, na safari ikiwa ya Goma, wengi wetu tunapanda mashua. Kwa hiyo neno hili ni letu pia.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Vita ilikuwa imefunga barabara, watu na mizigo vikapita majini. Karibu na bandari ya Kituku, watu wakiisha kuona nchi kavu, mashua ililala ubavu, ikapinduka. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ndani mlikuwa na watu 278, na hesabu yake ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 78.

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 27. Merikebu ya Paulo ilibeba watu 276. Hesabu ni karibu sawa. Paulo alionya mapema, lakini mkubwa wa askari akamsikia zaidi nahodha na mwenye merikebu. Tufani ilipowashika, malaika alimwahidi Paulo kwamba wote watapona. Je, walikaa bure kwa sababu ya ahadi ile? Hapana. Walitupa hata ngano baharini ili merikebu iwe nyepesi. Wote 276 wakafika pwani wazima.

Na katika Luka 5, samaki walitoka kwa Bwana mwenyewe, lakini mashua mbili zikaanza kuzama. Wandugu, baraka nayo ina uzito.

Hapa tunaungama. Mwaka fulani tulikuwa tunaenda kwenye mkutano wa kanisa. Mashua ilijaa mifuko na watu. Mama mmoja wa kwetu akasema, "Maji yamekaribia ukingo, mimi ninashuka." Sisi mashemasi tukamkemea mbele ya watu kwamba hana imani. Akanyamaza, akabaki. Tulifika, lakini tulifika kwa rehema tu. Mama yule alisema kweli, na sisi tulikuwa tunamjaribu Bwana. Tumekwenda kwake kuomba msamaha.

Basi tushike haya. Mizigo mizito iwekwe chini kabisa, katikati, nayo ifungwe isiteleze. Mzigo uliopangwa juu unaiangusha mashua upesi. Tuketi, kwa maana mtu akisimama, uzito wake unapanda pamoja naye. Maji yaliyo ndani yatolewe, kwa sababu mashua ikiinama yanakimbilia upande ule ule na kuizidisha. Tukikaribia bandari, tusikimbilie wote upande mmoja. Jile ivaliwe kabla ya kuondoka, isikaliwe kama mto. Na maji yakiwa karibu na ukingo, tushuke, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Mwenye mashua anahesabu nauli. Mungu anahesabu roho.

Tangu leo, mtu wa kwetu akisema mashua imejaa, asiitwe mwenye mashaka. Huenda ndiye Paulo wetu wa safari ile. Sisi mashemasi tushuke wa kwanza, ili wamama na watoto washuke bila haya. Mkutano utatungoja, na hata usipotungoja, tutaimba mwingine tukiwa hai.

Bwana awalinde majini na barabarani. Amina.