Je, Mwenye Kifundo Kipya Afanye Haraka?

Wako watu waonao haya kuhudumiwa kuliko waonavyo haya kudaiwa. Mtu wa namna hii akilazwa kitandani, hata akiletewa kikombe cha maji, moyo wake hauna raha. Ahesabu siku, na kila siku aiita siku iliyopotea. Twataka kuuliza habari ya haya hiyo: ni wema, au ni kiburi kilichovaa nguo za bidii? Tutauliza kwa jambo moja tu, yaani kupona kwa mtu aliyetiwa kifundo kipya cha mguu, maana huko swali hili halikwepeki.

Kifundo cha mguu huharibika mara nyingi kwa jeraha la zamani. Mtu alivunjika ujanani, akapona, akasahau, mguu haukusahau. Miaka ikipita, gegedu lifunikalo ncha za mifupa hulika, mfupa husaga mfupa, na kila hatua huwa maumivu. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kuiunganisha mifupa ishikamane. Maumivu hupungua, lakini kifundo hakikunjiki tena. Mwaka 1970 huko Ufaransa waganga Lord na Marotte walijaribu kutia kifundo cha kuundwa. Vifundo vya siku zile vililegea upesi, hata waganga wengi wakairudia njia ya kuunganisha. Baadaye Hakon Kofoed wa Denmark na wengineo walivitengeneza kwa namna nyingine, na vya siku hizi vina kipande cha madini chini ya mfupa wa muundi, na kingine juu ya ule mfupa ukaao juu ya kisigino, na kati yao plastiki ngumu.

Huko Uingereza wagonjwa 303, wenye miaka 50 hata 85, walipangwa kwa kura baina ya njia hizo mbili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja watu wa pande zote mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa, wala haikuonekana tofauti ya hakika baina yao katika kutembea na kusimama. Lakini waliotiwa kifundo kipya walisumbuliwa zaidi na kidonda cha upasuaji kuchelewa kufunga.

Habari hiyo ya kidonda ndiyo yenye hoja yetu. Ngozi ya mbele ya kifundo ni nyembamba, haina nyama chini yake. Kwa hiyo mgonjwa huagizwa alale mguu ukiwa juu kuliko moyo wake, wala asiukanyagie. Waganga wengine huagiza majuma mawili, wengine sita. Kisha hutembea kwa magongo, kisha kwa kiatu kigumu, kisha hujifunza kukanyaga kama mtoto. Uvimbe waweza kurudi kila jioni kwa miezi mingi, hata mwaka mzima. Basi yule mwenye haya ainuka siku ya kumi kwenda jikoni, asema, “Sitaki kumchosha mke wangu.” Kidonda kikifumuka, ni nani atakayekiosha? Ni mke yuyo huyo. Alidhani amempunguzia mzigo, kumbe amemwongezea. Twaona basi ya kuwa haya yake haikumtazama mkewe, ilijitazama yenyewe. Hakupenda kuonekana mnyonge, basi.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Twaijua mithali, subira huvuta heri. Wala mithali haisemi ni nani alipaye kodi ya nyumba wakati heri inapovutwa. Yuko mtu akaaye peke yake. Yuko alipwaye kwa siku. Kumwambia huyo “tulia” na kumwacha bila chakula ni kumdhihaki. Kwa hiyo twasema kwamba subira ya mgonjwa si kazi yake peke yake. Ni deni la jamaa zake, na la jirani, na la bwana wake wa kazi, nao wakikataa kulilipa, wasishangae akiinuka kabla ya wakati.

Baada ya miezi mitatu minne huja kosa la upande wa pili, nalo halisemwi sana, kwa kuwa lafanana na hekima. Waganga kwa kawaida humkataza mtu huyu kukimbia na kuruka. Humruhusu kutembea, kuogelea, na kupanda baiskeli. Asikia pia ya kuwa ile plastiki hulika kadiri itumiwavyo. Ndipo aanza kuhesabu hatua zake kama bahili ahesabuvyo senti. Haendi msibani, haendi sokoni, akae kitini akikilinda kifundo chake. Akilinde kwa ajili ya nini? Alipasuliwa, akavumilia, akahudumiwa na watu kwa majuma mengi, ili apate kutembea. Kifundo kikaacho kitini hakimfai yeye wala waliomhudumia.

Wala hatumwambii aliyependa kukimbia kwamba hakupoteza kitu. Amepoteza, na wale wamhimizao kushukuru upesi wamnyang’anya hata ruhusa ya kusikitika. Asikitike. Ila hatua za kutembea angali anazo, na sasa yampasa kuchagua zitumike wapi, jambo ambalo mwenye miguu mizima halifikirii kabisa. Pengine atakwenda kwanza kumtazama yule jirani aliyemletea uji. Jioni akirudi na kifundo kimevimba, asidhani mara moja kwamba amekiharibu. Akiinue juu ya mto, akikitazame asubuhi, na kukiwa kimetulia aende tena, labda kwa njia iliyo fupi kidogo.