Kisanduku cha Bahati Mkononi mwa Mtoto

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu yangu mzazi, natutazame nyumba moja iliyo mfano wa nyumba zetu hapa Al Amerat. Ni usiku, na watoto wamelala. Baba anafungua simu yake ampelekee mamake, aliyeko Unguja, riali 30 za dawa. Anakuta ujumbe wa benki umefuatana: riali mbili, riali nne, tena nne, tena nne, mpaka fedha ile imekwisha. Mwanawe wa miaka tisa ameitumia kununua visanduku katika mchezo wa simu. Kadi ya baba ilikuwa imehifadhiwa humo humo, na neno la siri mtoto alipewa na baba mwenyewe, siku aliyotaka anyamaze.

Je, hapa nani aliyekosa? Kabla ya kujibu, tukifahamu kwanza kitu chenyewe.

Michezo hii huingizwa katika simu bure. Ndani yake mna sarafu za mchezo, kama zile ziitwazo UC katika PUBG Mobile au Robux katika Roblox, na sarafu hizo hununuliwa kwa fedha ya kweli. Katika michezo ya namna hii, mtoto huweza kununua vitu vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kitu anachokiona na bei yake anaijua, kama vazi la mchezaji wake. Aina ya pili ni kisanduku kilichofungwa: analipa kwanza, kisha kinafunguka kwa taa na vigelegele, ndipo ajue amepata nini. Mara nyingi hupata kitu hafifu asichokitaka. Kile anachokitamani hutoka kwa nadra, na kwa ajili hiyo hulipa tena.

Aina hizi mbili tusizichanganye. Ya kwanza ni mauziano ya kitu kinachojulikana. Huenda yakawa ni ubadhirifu, na ubadhirifu si jambo dogo, kwani katika Suratul Israa, aya ya 27, wabadhirifu wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Ama ya pili imeingia katika gharar, yaani kuuza kisichojulikana, na inashabihiana na kamari. Wazee wetu waliuita mchezo wa namna hiyo pata-potea, na walimkataza mtoto hata kusimama kuutazama.

Atasema msemaji: “Lakini kila kisanduku kina kitu ndani yake, kwa hivyo mtoto hatoki mikono mitupu.” Jawabu ni hili. Zama za ujahili watu walikuwa wakiuziana kwa kijiwe: mnunuzi hulipa, kisha hurushwa kijiwe, na nguo kitakayoiangukia ndiyo yake. Yeye naye hakutoka mikono mitupu, daima alipata nguo. Pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) aliyakataza mauziano hayo, kwa kuwa mtu alilipia asichokijua. Kijiwe cha jana ndicho kisanduku cha leo.

Hata wasiokuwa Waislamu wameliona jambo hili. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya michezo kadhaa, ukiwemo FIFA 18, vinavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Na Disemba 2022 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, italipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wanunuzi. Miongoni mwa madai ya tume hiyo ni kwamba, hadi mwaka 2018, mtoto aliweza kununua sarafu za mchezo huo kwa kubonyeza tu, bila ya idhini ya mwenye kadi.

Tuzingatie pia Suratul Maida, aya ya 91. Humo tumebainishiwa kwamba kwa ulevi na kamari shetani hukusudia kututilia uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Mola wetu na Sala. Je, hatuyaoni majumbani mwetu? Ndugu wawili wa tumbo moja hawasemezani kwa sababu ya kisanduku. Adhana ya Magharibi inatoka msikitini, na mtoto anajibu: “Bado kidogo tu, Mama.”

Sasa turudi kwenye suali letu. Mtoto asiyebaleghe kalamu imeondolewa kwake. Lakini kwa baba haikuondolewa, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Suratun Nisaa, aya ya 5 na ya 6, inatufundisha tusiwakabidhi mali wasioweza kuiendesha, na tuwajaribu mayatima mpaka tuwaone wameongoka katika kuitunza. Ikiwa yatima hakabidhiwi mali yake mwenyewe kabla ya kujaribiwa, vipi mwana akabidhiwe mali ya baba, na haki ya bibi yake imo humo?

Basi, ndugu yangu, usianze kwa bakora. Ondoa kadi katika simu ya mtoto, badilisha neno la siri, na uwaombe wauzaji wakurejeshee ulichochukuliwa bila ya idhini yako. Kisha kaa naye. Mkono wake wa Idi mpe mwenyewe auhisabu: hiki cha sadaka, hiki cha akiba, hiki cha kitu anachokiona kwa macho na bei yake anaijua. Akikosea katika riali moja mbele yako, atajifunza. Na ile fedha ya bibi, ilipe wewe, na umpigie simu mtoto akiwa ubavuni pako, ajue kisanduku kile kilifunguliwa kwa fedha ya nani.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wachunga wema, utuhifadhie vizazi vyetu, na utubarikie katika riziki ya halali. Amin.