Askari Atolewaye Bure

Katika mchezo wa sataranji kila mchezaji ana kete 16, na 8 katika hizo ni askari, walio wadogo kuliko wote. Iko namna ya kuanza mchezo ambayo mchezaji humweka askari mmoja mbele ya adui makusudi, apate kuliwa. Asiyejua atasema, “Huyu ni mpumbavu.” Kumbe, anatoa kidogo ili apate nafasi katikati ya ubao. Padre Ruy López wa Hispania, katika kitabu chake cha mwaka 1561, aliita jambo hili gambito, neno litokanalo na Kiitalia, la kumtega mtu mguu ili aanguke.

Je, apewaye ale au akatae?

Wengi husema kukataa ndiko hekima. Mwaka 1927, mjini Buenos Aires, Capablanca na Alekhine walishindana michezo 34; katika 32 askari wa upande wa malkia alitolewa, akakataliwa. Lakini kukataa nako kuna gharama: kete za akataaye husongamana nyuma ya askari wake mwenyewe.

Wengine hula, wala hawadhuriki. Hula, kisha humwacha adui amle askari yule yule aliyekula, na wakati huo wao hupanga kete zao vema.

Lakini yuko alaye akang’ang’ania. Humleta askari wa pili amlinde wa kwanza, na wa tatu amlinde wa pili. Ndipo adui huwavunja walinzi, na malkia wake hutokea ubavuni, njia i wazi. Naye mlaji hupoteza kete iliyo bora kuliko askari. Mtaka yote hukosa yote.

Basi kosa halikuwa katika kupokea, bali katika kutokubali kuachilia. Mzee apokeaye mbuzi kwa jirani, na kesho jirani yule akaleta shauri lake barazani, je, aweza kumrudisha mbuzi na kuamua kwa haki? Akiweza, hakufungwa. Asipoweza, alifungwa siku ile alipoishika kamba.

Ndugu msomaji, kabla ya kunyosha mkono jiulize, “Je, naweza kukitoa tena?” Na kabla ya kuurudisha mkono jiulize, “Je, nakataa kwa hekima, au kwa hofu tu?”