Nyani Haoni Kundule

Mara nyingi methali hii husikika mtu anapotaka kumnyamazisha mwenzake. Mzee wa kanisa amemwonya kijana kuhusu ulevi. Kijana anakumbuka deni ambalo mzee hajalilipa dukani, naye anajibu, “Nyani haoni kundule.” Maongezi yanaishia hapo. Mzee amefedheheka, kijana amepona, na ulevi unaendelea sambamba na deni.

Kuna kipande cha methali hii ambacho wengi hukiacha: huona la mwenziwe. Kwa kawaida kinasomwa kama shutuma, na kweli ni shutuma, lakini ndani yake mna msaada pia. Nyani hajafichiwa kitu. Kundu lake liko mahali ambapo macho yake hayafiki, hata ayakodoe vipi. Mwenzake aliye nyuma analiona bila kujisumbua. Basi kosa la nyani si kuona la mwenziwe, ni kudhani kwamba yeye hana.

Hapa ndipo mazoea ya Mkristo ya kujichunguza peke yake yanapofika kikomo. Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu ajihoji kabla ya kushiriki Meza ya Bwana, na agizo hilo tumelishika sana. Tunachosahau ni kwamba agizo lenyewe lilitolewa kwa sababu wao hawakuwa wameiona aibu yao: wengine wakishiba na kulewa mezani huku maskini wakikaa na njaa. Ilibidi habari zimfikie mtu aliye mbali, naye awaambie. Yesu naye, aliposema juu ya boriti na kibanzi, hakuagiza kibanzi kiachwe jichoni mwa ndugu. Boriti itoke kwanza, ndipo mtu aone vizuri akitoe na kibanzi. Kijana wetu mlevi angependa mafundisho hayo yaishie kwenye boriti.

Afrika Mashariki jambo hili la kujiacha uonwe na wenzako lilijaribiwa kwa upana usio wa kawaida. Mwaka 1929, jijini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church, ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Uganda wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Katika ushirika wao mtu alisimama akataja dhambi yake kwa jina. Walioiba walirudisha mali kwa wenyewe. Wapo wamisionari waliokiri kiburi na dharau yao mbele ya Waafrika waliowadharau, na hayo yakitendeka enzi za ukoloni, wakati ambapo ilikuwa vigumu Mwafrika kumhoji Mzungu. Kuungama huko wazi walikuita kutembea nuruni. Kwangu mimi hilo la wamisionari ndilo kubwa kuliko yote, kwa maana dharau ya mkubwa ni kasoro ambayo mdogo huiona kila siku, na mkubwa huenda akazeeka bila kuijua.

Uamsho huo haukuwa safi wote. Toba ya hadharani iliweza kugeuka onyesho. Wengine walisukumwa waungame wasichokuwa tayari kukiungama, na katika kutaja dhambi yake mtu aliweza kumwanika mwenzake ambaye hakuwepo kujitetea. Siku hizi tunayo sura nyepesi zaidi ya ugonjwa huo, ile ya kusema “tumwombee dada fulani,” kisha habari zake zote zikasimuliwa kabla ya amina.

Upande wa pili wa hatari uko kimya zaidi. Maaskofu Katoliki wa kanda hii walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele tangu miaka ya 1970, na waamini wao kwenye Misa huungama kwa Mungu na kwa ndugu zao pia, wakijipiga kifua. Hata hivyo zipo jumuiya ambazo daftari la michango hukaguliwa mstari kwa mstari, lakini hakuna anayemuuliza mwenyekiti kwa nini haongei na mkewe. Kwa Waprotestanti vilevile: mchungaji huuliza wote, na swali la kwake halina njia ya kumfikia.

Daudi alikuwa mfalme, na nabii Nathani alimfikia. Alimsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang’anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, Daudi akawaka hasira na kutoa hukumu kali, maana la mwenziwe aliliona upesi. Ndipo nabii akamwambia kuwa mtu huyo ni yeye, aliyemtwaa Bathsheba, mke wa mtu mwingine. Hakumtangaza sokoni, na hakumwacha baadaye: Daudi alipozeeka, Nathani alikuwa bado anaingia chumbani kwake kumshauri juu ya kiti cha enzi. Na katika orodha ya wana ambao Bathsheba alimzalia Daudi, iliyo katika Mambo ya Nyakati, kabla ya Sulemani ametajwa mtoto aitwaye Nathani.